Sabuni Haitaki Kubahatisha

Ukipita kwenye soko au mnada wowote wa wilaya ya Bunda, iwe Bunda mjini, Nyamuswa au Kibara, hutakosa kumkuta mama aliyepanga miche ya sabuni juu ya kipande cha turubai. Mingine ina rangi ya mawese, mingine ni myeupe kama shahamu, na mingine imetiwa rangi ya bluu ili ifanane na ya dukani. Sabuni hiyo hakuinunua kwa jumla Mwanza. Ameitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, au pamoja na wenzake wa kikundi. Kwa fedha ya sabuni, madaftari ya watoto hununuliwa, dawa hupatikana, na hata malipo ya pamba yakichelewa, chumvi haikosekani jikoni.

Hii ni kazi njema, na ni kazi yenye faida kwa afya ya jamii. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ndoo zenye bomba zilipowekwa mlangoni mwa kila duka, kanisa na shule, vikundi vingi vya akina mama vilijifunza kutengeneza sabuni kwa haraka. Lakini wengi walijifunza nusu. Walifundishwa nini kiingie kwenye ndoo, hawakufundishwa kuitawala kazi yenyewe.

Mama anayetengeneza sabuni amefungua kiwanda cha kemikali, hata kama kiwanda hicho ni ndoo mbili na mwiko mmoja. Kanuni zinazotawala viwanda vikubwa ndizo zinazotawala ndoo yake. Akizijua, kemikali itamtumikia. Asipozijua, yeye ndiye atakayeitumikia, na wakati mwingine atailipa kwa ngozi yake au kwa ngozi ya mtoto wake. Sisi wauguzi tunayaona malipo hayo wodini. Ndiyo maana nimeona tulizungumze jambo hili, akina mama wenzangu, hatua kwa hatua.

Ni nini kinachotokea ndani ya ndoo?

Bibi zetu walijua kwamba maji yaliyochujwa kwenye majivu hutakasa. Walijua pia magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Magadi na sabuni vimetajwa pamoja hata katika kitabu cha nabii Yeremia. Majivu na magadi ni ndugu wa mbali wa kemikali tunayotumia leo, yaani kostiki soda, ila kostiki ina nguvu nyingi zaidi.

Kostiki ikikutana na mafuta, vitu viwili hutokea. Mafuta huvunjika, na vipande vyake huungana na kostiki kuwa kitu kipya kabisa, ndiyo sabuni. Pembeni hubaki glisirini, kile kimiminika kitamu kinacholainisha ngozi. Sabuni iliyokamilika haina tena kostiki, wala si mafuta tena. Ni kama unga uliokwisha kuwa ugali: huwezi kuurudisha kwenye kinu.

Kwa karne nyingi watengeneza sabuni walifanya kazi kwa kukisia. Mwanakemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, ndiye aliyeeleza jambo hili kwa uwazi katika kitabu alichokitoa mwaka 1823. Alionyesha mafuta yameundwa na nini, na kwamba kiasi fulani cha mafuta huungana na kiasi fulani cha kostiki, basi. Ukizidisha kostiki, ile iliyozidi haina pa kwenda. Itabaki ndani ya sabuni ikiwa kali kama ilivyotoka kwenye mfuko, ikingoja mkono wa mfuaji.

Je, umewahi kuona vidole vinateleza baada ya kuguswa na maji ya kostiki? Watu hudhani ni utelezi wa kostiki yenyewe. Sivyo. Ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa kuwa sabuni. Yanayotendeka ndani ya ndoo yanatendeka mwilini mwako, na kwa sababu hiyo kidonda cha kostiki huenda kikichimba ndani hata baada ya maumivu ya kwanza kutulia.

Kila mafuta yana kipimo chake

Utasikia akina mama wakisema, "Fulani ana mkono wa sabuni, yeye haiharibiki." Wengine watakuambia lazima uzungushe mwiko upande mmoja tu, la sivyo sabuni itakataa. Ndugu msomaji, sabuni haimjui mtu, wala haijali mwiko umezunguka upande gani, mradi mchanganyiko umekorogwa vizuri. Inachojali ni uzito.

Mafuta hayafanani. Ili kilo 1 ya mafuta igeuke yote kuwa sabuni, kostiki kavu na safi inayotakiwa ni karibu kama ifuatavyo:

Mawese: gramu 141.
Shahamu ya ng'ombe: gramu 140.
Mafuta ya pamba: gramu 138.
Mafuta ya alizeti: gramu 134.
Mafuta ya nazi: gramu 183.

Mtengenezaji mwenye busara hatumii kiasi hicho chote. Hupunguza sehemu 5 katika kila 100, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki yote iishe. Hapo mawese yatahitaji gramu 134 kwa kilo, shahamu ya ng'ombe 133, pamba 131, alizeti 127, na nazi 174. Upungufu huo mdogo ndio ulinzi wa mteja wako.

Sasa tazama hatari ilipo. Mama wa Bunda ananakili maelekezo kutoka kwa rafiki yake wa Tanga anayetumia mafuta ya nazi. Huku kwetu nazi ni adimu, lakini ng'ombe ni wengi, basi anaweka shahamu badala ya nazi na kuacha kostiki ile ile. Kila kilo ya shahamu itakuwa imebeba zaidi ya gramu 30 za kostiki isiyo na kazi. Sabuni itakuwa ngumu, nyeupe, ya kupendeza macho, na itamchubua kila atakayeitumia. Akifanya kinyume chake, akaweka nazi kwa kipimo cha shahamu, sabuni itakuwa laini, yenye mafuta, na itachacha kabla haijauzwa.

Ukichanganya mafuta ya aina mbili, piga hesabu ya kila moja peke yake kisha jumlisha. Tuseme una kilo 6 za shahamu na kilo 4 za mafuta ya pamba. Shahamu itataka gramu 798, yaani 6 mara 133. Pamba itataka gramu 524, yaani 4 mara 131. Jumla ni gramu 1,322. Maji yawe kama mara mbili na nusu ya uzito wa kostiki, hivyo hapa ni karibu lita 3.3. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mwite akusaidie, naye atajifunza.

Mizani, wala si kikombe

Vikundi vingi hupima kostiki kwa kikombe au kwa kopo la maziwa. Hapa ndipo mambo huanza kuharibika. Kostiki huuzwa ikiwa punje au vipande bapa. Kikombe cha punje ni kizito kuliko kikombe cha vipande bapa, kwa kuwa vipande huacha nafasi katikati. Mwezi huu kikundi kimenunua punje, mwezi ujao vipande, na kikombe ni kile kile. Sabuni itatofautiana, na lawama itamwangukia yule aliyekoroga.

Kuna jambo la pili. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani, na pia huungana na hewa ya ukaa na kupungua nguvu. Mfuko uliofunguliwa tangu masika ukaachwa wazi utakuwa umelowa na kudhoofika. Uzito wake kwenye mizani si wa kostiki peke yake, ni pamoja na maji. Kwa hiyo nunua kiasi cha kutosha kazi yako, na kinachobaki kifunge kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko kinachokaza, kiandikwe SUMU, kiwekwe kabatini chini ya kufuli.

Kama kikundi chenu kina fedha ya kununua kitu kimoja tu, msianze na mhuri wa jina wala rangi. Anzeni na mizani ya kupima gramu. Cha pili kiwe kipimajoto. Kile cha kupimia homa hakifai, maana huishia nyuzi 42 tu na kitapasuka. Tafuteni kipimajoto cha kazi kinachofika nyuzi 100.

Maji, joto na mpangilio

Maji mazuri ni ya mvua. Maji ya baadhi ya visima yana chumvichumvi za mawe zinazoungana na sabuni na kufanya ukoko mweupe usiotoa povu. Yakingeni ya mvua, yachujeni, myaweke.

Tumieni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kamwe msitumie sufuria zetu za kawaida za alumini. Kostiki huila alumini, na katika kuila hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto haraka. Mama anaweza kupoteza sufuria, sabuni na nyusi kwa wakati mmoja.

Mpangilio ni huu: maji kwanza, kostiki baadaye. Mimina kostiki kidogo kidogo ndani ya maji huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana itachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata mpangilio sahihi, maji hayo yatapanda joto yenyewe bila moto, pengine kupita nyuzi 80, na yatatoa mvuke unaokaba koo. Kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, ukiwa umevaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kandambili hazifai.

Acha maji ya kostiki yapoe hadi karibu nyuzi 45. Mafuta nayo yayeyushwe na kushushwa hadi joto hilo hilo. Joto likiwa chini mno, shahamu itaganda mapema, nawe utadhani sabuni imekubali kumbe ni mafuta tu yameganda huku kostiki ikiwa imejificha katikati. Likiwa juu mno, mchanganyiko unaweza kuumuka na kufurika, au mafuta yakajitenga na maji. Ukimimina maji ya kostiki ndani ya mafuta taratibu na kukoroga, utafika mahali mchanganyiko unakuwa kama uji mzito. Inua mwiko: tone likianguka na kuacha alama juu bila kuzama, ndipo umwage kwenye fremu.

Baada ya siku moja au mbili kata miche. Lakini usikimbilie sokoni! Ipange kivulini penye hewa kwa wiki 4 hadi 6, ukiigeuza. Katika muda huo kostiki iliyobaki humaliza kazi yake na maji hukauka. Sabuni iliyokomaa ni ngumu, haiishi upesi, na haiumi. Kwa kikundi chenye njaa ya fedha, wiki hizo ni ndefu. Dawa yake ni kutengeneza kila wiki, ili baada ya mwezi na nusu kuwe na sabuni iliyokomaa kila wiki.

Pima, linganisha, rekebisha

Tunapomwuguza mgonjwa mwenye homa, hatumpimi joto mara moja tukaondoka. Tunapima, tunaandika kwenye chati, tunalinganisha na hali ya kawaida, tunachukua hatua, kisha tunapima tena. Mama anayepika uji hufanya vivyo hivyo: ukianza kufurika huondoa kuni, ukizubaa huongeza. Kuutawala mchakato wowote wa kemikali ni mzunguko huo huo. Tofauti ni kwamba kwenye kemikali, jicho na pua havitoshi.

Katika viwanda vikubwa mzunguko huo hufanywa na vyombo. Kipimajoto kilicho ndani ya tangi hupeleka habari kwenye chumba cha waendeshaji, joto likizidi bomba la maji ya kupoza hufunguka, lisiposhuka king'ora hulia. Vyombo hivyo vikipuuzwa, matokeo huwa ya kutisha. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, maji yaliingia kwenye tangi la kemikali kali katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu. Joto likapanda, na hewa ya sumu ikatoka na kuenea kwenye makazi ya watu waliolala. Maelfu walikufa. Mtambo wa kupoza tangi hilo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla, na vyombo vingine vya usalama havikuwa vikifanya kazi. Sehemu ile haikukosa vyombo vya kuitawala kemikali. Ilikosa watu wa kuhakikisha vinafanya kazi.

Ndoo yetu ni ndogo, wala haiwezi kuleta maafa ya namna hiyo. Hata hivyo somo ni moja. Chombo chenu cha kwanza cha usalama ni daftari. Kila mnapotengeneza, andikeni tarehe, aina ya mafuta na yalikonunuliwa, uzito wa mafuta, uzito wa kostiki, kiasi cha maji, joto la kila kimoja, muda uliotumika kukoroga, na jina la aliyepima na la aliyehakiki. Msiruhusu mtu mmoja apime na kumwaga peke yake. Mmoja apime, mwingine asome mizani kwa sauti, wa tatu aandike. Wodini pia dawa kali huhakikiwa na watu wawili kabla mgonjwa hajapewa.

Daftari hilo litawafundisha kuliko semina. Sabuni ya Machi ikiwa nzuri na ya Aprili ikiwa mbaya, fungueni kurasa mbili mlinganishe. Jibu litakuwa pale.

Sabuni ikiharibika, iuzwe?

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu kilifikwa na jambo hili. Walitengeneza sabuni ya kilo 20 za shahamu ya ng'ombe kwa kipimo cha nazi walichopewa mahali pengine. Walitumia gramu 3,480 za kostiki. Sabuni ilitoka nyeupe na ngumu. Baada ya wiki mbili, mama mmoja aliyechukua mche akafulie nyumbani alirudi na mikono iliyochanika kati ya vidole.

Kikao kilikuwa kizito. Fedha za mafuta zilikuwa za mkopo, na siku ya marejesho ilikuwa inakaribia. Wapo waliosema wauze mbali, huko ambako hawajulikani. Mwingine akasema waandike kwamba ni ya kufulia tu. Lakini nani anafua? Ni mama mwingine, na pengine ni mwenye mtoto mchanga anayefua nepi, na nepi hiyo itakaa kwenye ngozi ya mtoto usiku kucha. Mama mmoja mtu mzima aliuliza swali moja tu: "Tungeuziwa sisi, tungesemaje?" Pakawa kimya.

Hawakuiuza, wala hawakuitupa. Walipiga hesabu. Gramu 3,480 zikigawanywa kwa 133 ni karibu 26.2, maana yake kostiki ile ilikuwa inatosha kilo 26.2 za shahamu, nao walikuwa wameweka 20. Walinunua kilo 6.2 zaidi, wakaikwangua sabuni yote wakiwa wamevaa glavu, wakaiyeyusha taratibu kwa maji kidogo pamoja na shahamu mpya, wakakoroga hadi ikawa kitu kimoja, wakaimwaga upya kwenye fremu. Haikuwa nzuri ya kutazama, ilikuwa na mabonge, lakini iliacha kuuma. Marejesho yalichelewa na ilibidi waombe muda. Wateja wao wapo hadi leo.

Utajuaje sabuni ni salama kabla haijafika kwenye mikono ya mtu? Kwanza itazame: ukikata mche ukaona madoa meupe ya ungaunga au vishimo vyenye majimaji, hiyo si ya kuuza. Pili, tumia karatasi za kupima pH, zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Lowesha sabuni, toa povu, gusisha karatasi, linganisha rangi. Maji safi ni 7. Sabuni nzuri ya mche huwa kati ya 9 na 10. Ikifika 11 au zaidi, iache iendelee kukomaa, upime tena. Ikikataa kushuka, irudie kama walivyofanya wale akina mama. Wengine huonja kwa ncha ya ulimi. Tafadhali acheni jambo hilo. Ulimi haukuumbwa kupima kostiki.

Neno moja kwa wanaotengeneza sabuni ya maji. Wengi hutumia sulfonik asidi, ambayo ni kali kwa upande wa pili, kisha huipoza kwa soda ash au kostiki. Hapa pia karatasi ya pH ndiyo hakimu, na lengo ni karibu na 7. Wala usitie jiki ndani yake ili "iongeze nguvu". Jiki ikikutana na asidi hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Mtoto na chupa ya soda

Katika yote niliyoyaeleza, hakuna linaloniumiza moyo kama hili. Maji ya kostiki hayana rangi. Yakiwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa yakaachwa chini ya meza, mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Tone moja la kwanza humchoma mdomo, lakini mara nyingi huwa amekwisha kumeza. Anayepona huweza kubaki na kovu linaloziba njia ya chakula, akashindwa kumeza hata uji, na akahitaji matibabu ya hospitali kubwa kwa miaka. Hakuna faida ya sabuni inayolipa hasara hiyo.

Kwa hiyo, kostiki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Siku ya kutengeneza sabuni watoto wapelekwe kwa jirani. Kazi isiachwe katikati eti mgeni amefika. Na ajali ikitokea, fanya haya:

Ikimwagika kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa. Kama ni chembe kavu, zipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Kisha mwagia maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20 hadi 30. Usipake siki, ndimu, dawa ya meno wala mafuta. Siki na kostiki zikikutana hutoa joto na kuongeza kuungua. Weka ndoo mbili za maji safi karibu kabla hujaanza kazi.

Ikiingia jichoni: fungua kope kwa vidole, mimina maji safi kwa nusu saa nzima hata kama mtu analia, kisha nenda hospitali mara moja. Usingoje kesho. Jicho linaweza kupofuka.

Ikimezwa: usimtapishe mtoto. Kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Usimpe siki wala ndimu. Msukutue mdomo kwa maji, mkimbize hospitali, na ubebe chombo alichonywea ili waganga wajue ni nini.

Mahali pa kujifunza na kusajili

Si lazima tujifunze kwa kuungua. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Musoma, nalo hufundisha wajasiriamali wadogo usindikaji na utengenezaji wa sabuni. SIDO pia huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wanapoomba alama ya ubora. Alama hiyo hufungua milango ya maduka makubwa, shule na hospitali, ambako sabuni isiyo na alama haipokelewi kirahisi.

Kuhusu kemikali zenyewe, tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kabla kikundi hakijaanza kununua kostiki kwa mifuko, kiulize huko utaratibu wa usajili, na kinunue kwa muuzaji anayetambulika, kwenye mfuko wenye maandishi ya kiwandani. Kostiki ya kupimiwa kwenye karatasi gulioni huijui nguvu yake, wala hujui imechanganywa na nini.

Na kama una binti anayependa kemia na hesabu, usimwambie kwamba hayo ni ya wavulana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa kemikali na uchakataji, yaani elimu hii hii ya kuitawala kemikali katika kipimo, joto na muda, kwa viwanda vya sukari, bia, saruji, dawa na sabuni. Binti aliyekua akimwona mama yake anasoma mizani na kuandika daftari, atalikuta darasa hilo si geni.

Akina mama wenzangu, kabla ya ndoo nyingine kukorogwa mwezi huu, fanyeni mambo matatu. Tafuteni jina la mafuta mnayotumia na kipimo chake, mkiandike ukutani kwa herufi kubwa. Changeni fedha mnunue mizani. Na kila chupa ya soda yenye maji ya kostiki, popote ilipo nyumbani mwenu, iondolewe leo kabla watoto hawajarudi shuleni.